Jina Lililobaki Kwenye Risasi

Sinywi pombe, sikuwa na homa, na jua lilikuwa bado juu. Nayasema haya mapema kwa sababu najua utaniuliza. Haya yalinipata Jumamosi mchana, hapa Nyakoe, kwenye duka letu la uchapaji.

Mashine yetu ni ya kukanyaga kwa mguu. Babu alimwachia baba, na baba akaniachia mimi mikono yake ilipoanza kutetemeka. Tunapanga herufi za madini ya risasi moja moja, tunazifunga kwa uzi, tunapaka wino, tunachapa. Siku hizi watu wanakimbilia kompyuta mjini Kisii, lakini wazee bado wanataka kadi ya mazishi ambayo ukipitisha kidole unalisikia jina. Baba alinipa sheria moja tu kwa ukali: jina la marehemu likishachapwa, herufi zake zirudi kwenye vijumba vyao ndani ya sanduku kabla hajazikwa. Nilidhani ni usafi wa kazi tu.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilikuwa nimechoka na biashara isiyo na wateja. Nikapatana kwa siri na mtu wa vyuma chakavu wa Suneka aje Jumapili na lori, achukue herufi zote akaziyeyushe. Sikumwambia mtu, hata baba. Kazi ya mwisho ilikuwa kadi za mzee mmoja wa Marani, aliyezikwa Alhamisi. Jina lake nikaliacha mezani, herufi zikiwa bado zimefungwa. Kwa nini nipoteze nusu saa kurudisha vitu vinavyokwenda motoni?

Jumamosi nikitoka kanisani nilimkuta mzee amesimama kwenye baraza la duka. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo palikuwa pamefungwa. Nikamwambia kwa heshima, "Tata, leo hatufanyi kazi. Njoo kesho." Ndipo nikaliona koti lake. Kifungo cha juu hakikuwepo, pameshikwa na pini kubwa. Niamini, koti hilo nililijua vizuri. Wiki nzima nilikuwa nikibandika picha ya marehemu kwenye kadi zile, moja baada ya nyingine, na pini ile ilikuwepo kwenye kila picha. Uso nao ulikuwa ule ule.

Ungefanya nini? Mimi sikukimbia.

Akaniambia kwa Kigusii, taratibu, bila hasira, "Mwanangu, kesho lori linakuja. Mimi nimeshazikwa kwenye migomba yangu. Mbona unataka kunichoma?"

Huku kwetu maiti hachomwi. Aibu ilinishika kuliko hofu. Nikafungua duka siku ya Sabato, nikafungua uzi, nikaanza kurudisha herufi. Niliangusha moja nikaitafuta chini ya mashine kwa magoti, na gauni langu la kanisa likajaa wino. Yeye alisimama mlangoni akiitazama mikono yangu. Herufi ya mwisho ilipoingia kwenye kijumba chake niligeuka, na hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kwenye tope la nje kulikuwa na nyayo zangu tu.

Nilikwenda kwa baba nikamweleza yote, hata habari ya lori. Nilitarajia anigombeze. Akasema, "Aliyenijia mimi alikuwa mwanamke, wa kutoka Nyamira. Mimi pia nilikuwa nimeshaita gari la vyuma."

Lori lilirudi Suneka tupu. Wazee wa kanisa bado wananiuliza kuhusu ile Sabato. Wageni wakija dukani hutusifu, eti tunaipenda kazi ya mababu zetu, nami huitikia tu. Binti yangu ameanza kujifunza na ana mkono mwepesi kuliko wangu. Nimempa ile sheria lakini sijampa sababu yake. Naogopa akiijua ataondoka, na naona vibaya kumwacha abaki bila kuijua.

Nawe, kama umeachiwa herufi na wazee wako na umeshampigia simu mtu wa vyuma, soma kwanza yaliyobaki mezani. Ukikuta jina la mtu, lirudishe herufi kwa herufi. Usipofanya hivyo mwenyewe atakuja, na baada ya hapo hutaweza kuuza tena.