Aliyeshika Ncha ya Pili

Katika chumba cha kufulia cha hospitali kuna mwanamke ambaye kila mtu anamwita Kipenga, kwa sababu ya mluzi wake. Anapiga mluzi akitoa mashuka kwenye mashine, anapiga mluzi akiyapeleka kwenye pasi kubwa ya mvuke, na siku mashine ikigoma anaipigia mluzi wa polepole, kama anayembembeleza mgonjwa, mpaka fundi afike. Ana miaka arobaini na saba. Ni mnene wa kujivunia, ana mwanya wa mbele, mkubwa, unaopitisha huo mluzi wote, na kwenye mfuko wa aproni, pale ambapo wenzake huweka simu na leso, yeye huweka gazeti la zamani lililokunjwa mara nne.

Hilo gazeti ndilo ugonjwa wake. Ulianza kumpata akiwa darasa la tano, kwenye benchi la chumba cha kusubiria daktari, alipookota toleo lililoachwa na mtu na kuanza kulisoma kutoka nyuma. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na hadithi ya picha ya Shangazi Tufani: mama mnene, mwenye mwanya, mvaa ndala, aliyepambana na majambazi kwa silaha moja tu, shuka lililolowa maji. Akilikung'uta, PWAA! kofia zinaruka, bastola zinadondoka, majambazi wanatafutana. Kipenga naye alikuwa msichana mnene mwenye mwanya. Hakuwa amewahi kuona mtu wa umbo hilo akishinda kitu chochote, hata mchezo wa kuruka kamba. Daktari alipomwita, hakusikia.

Basi redio ya chumba cha kufulia ilipotangaza kwamba Shangazi Tufani anatengenezewa filamu, Kipenga aliachia toroli la mashuka likaenda lenyewe mpaka likagonga ukuta.

"Wifi! Wifi, umesikia?"

Wifi yake, mjane wa kaka yake, ndiye mwenzake wa kukunja. Wamesimama uso kwa uso miaka ishirini na miwili, shuka katikati yao. Huyu anashika pembe mbili na yule mbili; wanalivuta, wanalikung'uta mara moja mikunjo itoke, wanasogeleana mpaka vidole vinagusana, kisha wanarudi nyuma kuchukua jingine. Mazungumzo yao yote yamejipanga hivyo. Siri zinasemwa wakikutana, na matusi wakiachana.

"Nimesikia," wifi alisema akirudi nyuma. "Mtu mzima na katuni! Marehemu alisema utaolewa na gazeti, na kweli umeolewa."

"Angalau haliombi chai."

Wifi hakuwahi kufungua gazeti lile hata siku moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alisema picha za kuchora zinamuumiza macho.

Wagonjwa wengine wa ugonjwa wa Kipenga walikutana kila Jumamosi mchana kwenye duka la fotokopi, katikati ya makasha ya karatasi. Mwenye duka, waliyemwita Toneri, kama wino wa mashine yake, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuwa visafi, alikuwa na matoleo karibu yote, yamepangwa kwa miaka. Alikuwepo dereva wa ambulensi ya hospitali, na Mwalimu wa fizikia, mtu wa kofia ya pama na sauti ya ubaoni. Walikuwa na sheria moja: ukisema jambo, lazima uonyeshe lilipochorwa. Aliyebuni la kichwani mwake aliulizwa na wote kwa pamoja, "Ukurasa gani?" na kama hakuna ukurasa, alinyamaza.

Tangu tangazo lile, kikao kilipagawa. Nani ataigiza? Je, mwanya watauweka wa kweli au wa kupaka rangi nyeusi jinoni? Walibishana Jumamosi mbili nzima kuhusu rangi ya ndala, maana gazeti lilichapishwa kwa nyeusi na nyeupe.

"Bluu," alisema Mwalimu.

"Nyekundu! Anakimbilia hatari, lazima ziwe nyekundu," alisema dereva.

"Ukurasa gani?"

Hakuna ukurasa. Kisha vicheko, na soda.

Halafu kampuni ya filamu ikatangaza kwamba kila kundi la mashabiki linaweza kuandika barua moja ya ushauri, na kwamba zote zitasomwa. Hapo Mwalimu akavua kofia, akaiweka juu ya mashine ya fotokopi, akasema kwa huzuni ya mtu anayetoa matokeo mabaya:

"Wapendwa, shuka liondoke. Tushauri fimbo ya radi."

Kipenga alidhani anatania.

"Nimejaribu nyumbani," Mwalimu aliendelea. "Nimetoka uani na shuka bichi, nikalikung'uta kama kwenye picha. Likanifunika kichwa. Mke wangu alicheka mpaka akaita majirani. Shuka halitoi upepo ule, na watu sinemani watatucheka vilevile. Mwenye ushahidi kinyume aulete Jumamosi ijayo, tupige kura."

Dereva alikuna kidevu. Toneri akatazama sakafu. Kipenga aliona kabisa kura zinakoelekea.

Alirudi nyumbani bila mluzi. Shangazi Tufani akinyang'anywa shuka, anabaki nani? Mama mnene aliyevaa ndala, kapewa fimbo ya kuazima. Na baada ya fimbo watampunguza kiuno, kisha watamziba mwanya, na msichana mwingine kwenye benchi la daktari ataangalia filamu yote asijione humo. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo.

Ijumaa, wifi alipokwenda kunywa chai, Kipenga alichagua shuka la kitanda kikubwa, likiwa zito kwa maji. Akasimama kama kwenye picha: mguu wa kushoto mbele, mikono juu ya bega. Akalirusha kwa nguvu zake zote.

Shuka lilipanda, likasita, likarudi. Lilimvika kichwa, likamzunguka miguu, na Kipenga akaenda chini na ndoo moja na rundo la foronya. Alikuwa bado anatafuta pa kutokea aliposikia sauti ya wifi yake mlangoni.

"Huyo ni nani anajifungulia chini ya shuka?"

"Ni mimi."

"Na ulikuwa unafanya nini, mama wa watu?"

"Nilikuwa nalikung'uta."

"Peke yako?" Wifi aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Nani alikwambia shuka linakung'utwa na mtu mmoja?"

"Shangazi Tufani analikung'uta peke yake!" Na Kipenga, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, akiwa amekaa kwenye maji, akaanza kulia.

Hapo wifi aliacha kucheka. Alimwinua, akamfuta uso na foronya, kisha akanyoosha mkono. "Lete hilo gazeti."

Alilifungua kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Akasukuma miwani juu, akaitazama ile picha kubwa ya PWAA kwa muda mrefu, kama anayekagua doa.

"Na huyu mwingine yuko wapi?"

"Mwingine yupi?"

"Aliyeshika ncha hii." Aliweka kidole pale ambapo shuka lilifika ukingoni mwa kisanduku cha picha na kukatika. "Limenyooka kama uzi, angalia. Lisingeshikwa upande wa pili, lingelegea hapa. Miaka yote hii nakushikia ncha, wifi. Nalijua shuka lililoshikwa."

Kipenga aliangalia. Akaangalia tena. Kisha alipiga mluzi mrefu ambao, kwa maelezo ya muuguzi mmoja, uliamsha wodi ya wanaume.

Jumamosi waliingia wote wawili kwenye duka la fotokopi, na ndoo. Wifi hakupoteza muda wa salamu. "Mwalimu ni yupi? Wewe mwenye kofia? Njoo nje usimame hapa."

Wakasimama barabarani, shuka bichi katikati yao. Kuvuta, kulegeza, kisha mikono minne ikashuka kwa pamoja.

PWAA!

Kofia ya pama ilivuka barabara. Maji yakampiga Mwalimu usoni, mbwa akakimbia, karatasi za Toneri zikaruka kutoka mezani hadi kwenye feni. Watu wa duka la pili walipiga makofi bila kujua wanashangilia nini.

"Lakini ninyi ni wawili!" alisema Mwalimu, akidondokwa na maji.

"Na yeye pia!" alipaza sauti Kipenga, akiwa amelishika gazeti juu kama bendera. "Ukurasa wa mwisho! Kila ukurasa wa mwisho!"

Walivamia makasha. Toleo baada ya toleo, PWAA baada ya PWAA, shuka lilinyooka na ncha yake ikatoka nje ya kisanduku. Miaka yote hiyo na hakuna aliyeuliza! Dereva alishika kichwa. Toneri akasahau wateja wawili waliokuwa wakisubiri.

"Ni mume wake," alisema dereva.

"Mume angeshaliachia," alisema Toneri. "Ni mama yake."

"Mama mzee namna hiyo, na nguvu hizo?" aliuliza Mwalimu, ambaye sasa alikuwa amechangamka kuliko wote na amesahau kabisa fimbo ya radi. "Labda ni pacha!"

"Ukurasa gani?"

Wifi alikuwa anakamua shuka mlangoni. "Mbona mnatafuta mbali? Huyu si mnamwita shangazi?"

"Ndiyo, mama."

"Shangazi ni dada wa baba wa mtu. Basi ana kaka. Na kaka ana mke." Akakamua tone la mwisho. "Ni wifi yake."

 Duka zima lililipuka. Kura haikuhesabiwa, Mwalimu ndiye aliyeandika barua, kwa mwandiko wake wa ubaoni: shuka libaki, na ncha ya pili isionekane, maana tunajua aliyeishika.

Miezi ilipita. Asubuhi moja bango lilibandikwa ukutani, mkabala na lango la hospitali. Kipenga alivuka barabara huku amefumba jicho moja. Mwigizaji alikuwa mnene. Mwanya upo. Ndala zilikuwa za kijani, rangi ambayo hakuna mtu aliyeitaja. Na shuka, jeupe, limenyooka kama uzi, lilikatiza bango lote na kuishia ukingoni.

Kipenga alijaribu kupiga mluzi, hewa ikatoka tupu.

Wifi alisogea, akaweka kidole ukutani, nje kidogo ya bango. "Mimi niko hapa," alisema. "Sehemu ya pili wakinionyesha, nataka mwigizaji mrefu."

"Mrefu? Wewe?"

"Kwani nani ameniona?"