Ulichokiona na Unachodhani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naisikia kwanza ndipo naiona: injini ya dizeli inagonga, na ngamia wanalia wakisubiri maji. Ilikuwa miaka ya tisini. Ukame ulikuwa umekaa kwetu Kaskazini Mashariki kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi, mtoto wa mwenye duka wa Garissa, nilikuwa nimehitimu uhandisi wa mitambo Nairobi, nikapewa kazi ya kuangalia visima vya mashine upande wa Wajir. Nilikuwa mwembamba, na nilikuwa na wasiwasi juu ya kila kitu. Nikifunga nati nilirudi kuikagua, kisha nikarudi tena kukagua kama nilikuwa nimeikagua. Tabia hiyo haijaniisha. Mama yako atakuambia kuhusu mlango wa nyumba yetu.

Juzi ulinisomea malengo ya idara yenu ya uhandisi wa mitambo, unakokwenda kusoma: mhitimu awe anaweza kubuni mitambo, kuchanganua matatizo, kueleza kazi yake kwa watu wasio wahandisi, kushirikiana na wengine, kuwa mwaminifu. Nilitabasamu. Idara yetu nayo ilikuwa na maneno kama hayo, yametundikwa ukutani karibu na karakana, nami niliyapita kila asubuhi nikinusa grisi na chai ya kantini. Jinsi ninavyoikumbuka harufu ile! Nilidhani maneno yale nimeyaelewa, kwa kuwa nilikuwa nimeyajibia mitihani. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Kimoja cha visima hivyo kilikuwa mbali na mji, na kila aliyekuwa na mnyama alikuwa amekikimbilia. Injini ya pampu ilianza kugonga. Niliifungua, nikapima kwa mikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, nikaona beringi zinazobeba mhimili wake mkuu zimelika kupita kiasi kinachoruhusiwa. Beringi mpya tuliziagiza kwa redio. Zingekuja kwa lori kutoka Garissa, na siku zile malori yalisafiri kwa msafara wenye askari, kwa hiyo hakuna aliyejua zingefika lini. Nilirudisha injini kama ilivyokuwa, nikaiendesha polepole, huku kila mlio ukinipiga kifuani.

Wa kwanza kuniuliza alikuwa Eddo Halima. Eddo ndivyo tunavyomwita shangazi, ingawa hatukuwa na undugu wa karibu. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kukata, na mali yake yote ilikuwa ngamia wachache waliokuwa wakinyonyesha. Aliniletea maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu, ladha ambayo sijaipata tena mjini kwa namna ile. Aliuliza swali moja tu. Je, injini itadumu mpaka beringi zije, au awahamishe ngamia wake kwenda visima vya upande wa Bute wakati bado wana nguvu za kutembea?

Nikamwambia inategemea.

Inategemea nini, akauliza. Nikamwelezea mafuta, joto, mzigo, kasi, siku za lori. Kila nilipomaliza sababu moja nilipata nyingine. Alinisikiliza kwa adabu, akachukua kibuyu chake akaenda.

Alasiri wazee walikaa shir, yaani mkutano wao wa shauri, kwenye kivuli cha tangi la zege, nami nikaitwa. Swali lilikuwa lile lile. Kichwani niliona mashimo mawili ya kutumbukia. Nikisema injini itadumu, kisha ife, mifugo itakufa kwa kiu hapo hapo kwenye birika la kunyweshea. Nikisema itakufa, kisha idumu, nitakuwa nimewapeleka wanyama dhaifu safari ndefu bure. Nikasema tuvute subira, haraka haraka haina baraka. Methali ni nzuri, mwanangu, lakini mtu anaweza kujificha nyuma yake kama nyuma ya ukuta.

Mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina akawaambia wenzake kwamba kijana huyu ukimuuliza kama mama yake ni mzima atakuambia inategemea. Wakacheka mpaka wengine wakakohoa. Hata mimi nilicheka kidogo, masikio yakiniwaka.

Mzee Dubow hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza shir. Ujanani mwake alikuwa sahan, mtu anayetumwa na watu wake kutangulia, aangalie majani na maji kabla hawajahama. Akaniita karibu.

"Adeer," alisema, kwani kwetu mzee humwita kijana kwa jina lile lile ambalo kijana humwita yeye, baba mdogo. "Nani amekuuliza ya kesho? Ya kesho ni ya Mwenyezi Mungu. Sisi tumekutuma ndani ya injini kama sahan. Sahan akirudi hutuambia alichokiona kwa macho, kisha alichosikia kwa watu, kisha anachodhani, na havichanganyi. Akikaa huko akingoja kuwa na uhakika, akirudi atakuta mizoga. Na akificha alichokiona kwa kuogopa lawama, huyo kwetu ni sawa na mwizi wa ngamia."

Akaongeza, sasa kwa upole:

"Kuamua ni kazi ya shir. Mbona unataka kubeba mifugo ya watu wote peke yako? Hata ngamia hapakiwi hivyo."

Basi nikasema. Nilichokiona: beringi zimelika, na hazitapona. Nilichosikia: lori halijaondoka Garissa. Ninachodhani: injini itakufa kabla ya beringi kufika, ila nikiiendesha polepole, kwa watu na wanyama wadogo tu, huenda ikavuta siku kadhaa. Ilinishangaza jinsi maneno yalivyokuwa machache. Na wazee wale, ambao dakika chache kabla walikuwa wakinicheka, wakaanza kuniuliza maswali makini, na kila jibu likazaa shauri. Penye wengi hapaharibiki neno. Ilikubaliwa kwamba mbuzi na kondoo wabaki, na mwenye ngamia aamue mwenyewe. Eddo Halima, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanaume akisikiliza, aligeuka akaenda zake. Alfajiri ngamia wake walikuwa wameondoka.

Ungependa nikuambie kwamba injini ilikufa na kila mtu akanisifu. Haikufa. Iligonga na kugonga mpaka lori likafika na beringi zikabadilishwa. Ngamia wakarudi kutoka upande wa Bute wamekonda, na ndama mmoja wa Eddo Halima alikuwa amefia njiani.

Nilimwona akija birikani na nikamwendea, nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilianza kusema kwamba mimi ndiye niliyemfanya ampoteze ndama wake. Akanikatiza.

"Wewe ulisema unadhani. Niliyeamua ni mimi, na kesho ningeamua vile vile. Usininyang'anye uamuzi wangu. Sasa fungua maji, ngamia wana kiu."

Nikafungua maji.

Mwanangu, hesabu utafundishwa, na uzijue vizuri, maana bila mikromita nisingekuwa na la kuwaambia wazee wale. Lakini yale malengo mengine, ya kueleza, kushirikiana na kuwa mwaminifu, usiyaone kama mapambo ya ukutani. Kazi ya mhandisi haimalizikii katika kupata jibu. Mpe mwenye mali ukweli wake mapema, ungali na faida: hili nimelipima, hili nimeambiwa, hili nakisia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha ufa ni vivyo hivyo. Ukikosea katika kukisia, kubali na uendelee kujifunza. Wasiwasi wako usiuonee aibu. Utumie kukagua, usiutumie kunyamaza. Na watu wakishaamua, heshimu kwamba wameamua wao.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona, ulimi wa kusema ulichokiona, na watu wazuri wa kukaa nao shauri. Mikono yako ifanye kazi ya kunywesha wenye kiu, na popote utakapopita, uache watu wakiwa na nafuu kuliko ulivyowakuta. Amin.