Komiseri Alipoinua Kidole

Siku ile tulikuwa wanne: mama juu ya mkeka, wadogo zangu wawili, na mimi, mkubwa wao, niliyekuwa nikiwatafsiria Kifaransa cha filamu ya polisi. Komiseri alipoinua kidole kumwonyesha muuaji, umeme ukakatika mtaa mzima wa Kasha. Nikawasha mshumaa.

"Mwanafunzi, nani ameua?" mama akauliza, akikohoa.

"Hawajasema, maman. Kesho nitauliza ku masomo."

"Uniambie kweli. Miye naona iko ule shofere wa gari nyeusi. Haangalii watu mu macho."

Kesho yake waombolezaji wa mama walijaa uani, na masomo yangu yakaishia hapo.

Jioni hii, baada ya miaka, umeme umekatika tena na kurudi. Mshumaa niliouzima bado unanuka, na televisheni imerudia filamu ile. Nimeitazama mpaka mwisho.

Alikuwa shofere kweli, maman. Jibu ulilotaka nikuletee ningali nalo.