Hodi Wakati wa Sala

Agneta Wiebe alikuwa na miaka tisa, kule Kazakhstan ya Wasovieti, askari walipomng'oa baba yake meno manne kwa mateke. Kosa lake lilikuwa kuwafundisha wanawe Biblia nyumbani. Agneta mwenyewe walimburuta kwa nywele mpaka kituo cha watoto cha serikali, akakaa miaka miwili. Alipokua alihamia Ujerumani, nchi ya mababu zake, akaapa kwamba wanawe atawafundisha mwenyewe. Kumbe huko nako kusomea nyumbani ni marufuku, mzazi apende asipende.

Baada ya kesi mbili, hakimu alimpa nafasi ya mwisho. Jumanne, saa mbili kamili asubuhi, mkaguzi wa shule angekuja kuwapima masomo watoto wake watatu. Akifunguliwa mlango, wangebaki nyumbani kesi ikiangaliwa upya. Asipofunguliwa, wangechukuliwa siku hiyo hiyo.

"Tumwokee keki," alisema mumewe, Kornelius. "Mdomo uliojaa hausemi sana."

"Wako mbona haunyamazi hata ukijaa?" alijibu Agneta.

Jumanne walipiga magoti sebuleni kama kawaida, baba akianza, mdogo akimaliza. Kwao sala haikatwi. Hata nyumba iwake moto, hakuna anayeinuka wala kuitika kabla ya amina. Kornelius, kwa hofu, aliomba nusu saa nzima. Zamu ilipomfikia Tabea, wa miaka sita, mlango uligongwa.

"Bi Wiebe, fungua. Niko na polisi."

Agneta alifumbua macho. Alitaka kuinuka, alitaka mno, lakini Kornelius alimbana mkono. Mlango uligongwa tena, safari hii kwa ngumi.

"Na huyo mama anayekuja leo," Tabea aliendelea taratibu, "asituogope, Bwana. Keki ipo."

Polisi walivunja mlango kwa nyundo. Ubao ulimpasua Eduard, mtoto wa kati, kwenye paji la uso, damu ikarukia daftari zilizopangwa vizuri mezani kwa ajili ya mkaguzi. Agneta hakuona tena Ujerumani, aliona wale askari wa utotoni. Alinyakua chuma cha kuchochea moto, akampiga nacho polisi wa kwanza, taya likavunjika. Wa pili alimbwaga chini na kumkandamiza mgongo kwa goti hadi ubavu ukalia. Kornelius alipigwa virungu mpaka akaacha kujaribu kusimama. Binti mkubwa, Rahel, alimng'ata mtu mkono, akapigwa kofi la kumlaza.

Mkaguzi alisimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Mngesema tu nisubiri," alisema. "Neno moja. Ningesubiri."

Ujinga ulioje, na wa pande zote mbili.

Tabea alishikilia mwimo wa mlango, wakambandua kidole kimoja kimoja. Hakulia. Aligeuza shingo kumtafuta mama yake pale sakafuni.

"Mama, bado sijasema amina."

Agneta alitaka kumwambia aseme tu, lakini goti la polisi lilikuwa limemkata pumzi.