Pesa ya Paa la Mama Mkwe

Fundi makochi huyu watu walimwita Njoo Kesho, na hakuna aliyemwonea. Ukimpelekea kochi lililobonyea atalipapasa, atalisifia, atapokea malipo ya awali, kisha atakuambia uje kesho. Kesho hiyo ilikuwa na ndugu wengi. Mikono alikuwa nayo, tena ya dhahabu. Kilichomshinda kabisa ni kumwambia mtu jambo la kweli ana kwa ana.

Benki nayo aliiambia kesho. Alikopa kwenye tawi la stendi ili anunue cherehani ya kushonea ngozi, akalipa miezi michache, biashara ikayumba, akanyamaza. Tangu hapo kila alipopita mbele ya tawi lile alijitwika sponji kubwa la makochi, likamfunika mpaka mabegani, akawa anaona viatu vyake tu. Nguzo ya taa aliigonga zaidi ya mara moja. Aliona heri nundu kuliko kusalimiana na afisa mikopo.

Baadaye, kwa akili zake mwenyewe, akafungua akaunti nyingine kwenye tawi la sokoni. Benki ile ile, jina lile lile, mpaka rangi ya milango ile ile. Lakini Njoo Kesho aliamini kwamba matawi ni kama majirani walionuniana, la huku haliulizi habari za kule. Nani alimwambia? Nadhani alijiambia mwenyewe, akajisadiki.

Sasa mama mkwe wake, mjane wa maneno machache, aliuza ng'ombe wake wawili ili aezeke nyumba upya, maana paa lilikuwa limetoboka na mvua zilikuwa njiani. Pesa hakutaka ikae kwake.

"Wanangu wa kiume wana pua ya kunusa pesa," alimwambia mkwewe kwenye simu. "Nitunzie wewe, mwanangu. Ukiona mabati ya bei nzuri, ninunulie."

Akaituma yote kwenye akaunti ya sokoni. Njoo Kesho alivimba kichwa wiki nzima. Kuaminiwa na mama mkwe! Hata ndevu alianza kunyoa.

Siku ya kwenda kununua mabati, mashine ya kutolea pesa ikamwambia salio halitoshi. Akaipiga kofi. Ikarudia yale yale. Akaingia ndani, jasho linamtiririka.

"Imekatwa kufidia mkopo wako, baba," dada wa dirishani akamwambia baada ya kubofya kompyuta yake. "Ule wa tawi la stendi."

"Ule ni wa stendi! Hapa ni sokoni!"

"Benki ni moja, baba. Mkataba uliutia sahihi mwenyewe. Unasema usipolipa, tunaweza kuchukua kwenye akaunti yako yoyote."

"Lakini hii pesa ni ya mama mkwe wangu."

Dada yule akaacha kubofya. "Pole sana," akasema, na ilionekana wazi kwamba naye ana mama mkwe.

Mtu mwingine angepiga simu siku ile ile. Yeye akasema mtandao wa benki uko chini. Wiki iliyofuata mtandao ulikuwa bado uko chini. Mvua zikaanza. Mama mkwe alipopiga simu, nyuma yake yakasikika matone yakilia kwenye sufuria, na Njoo Kesho akaulaani mtandao kwa uchungu kiasi kwamba karibu ajisadiki mwenyewe. Alimwonea huruma yule mama, alijionea aibu, na bado mdomo haukufunguka.

Asubuhi moja mama mkwe akatokea mlangoni na begi.

"Kitanda changu kimelowa," akasema. "Nimekuja kuusubiri huo mtandao hapa hapa."

Hapakuwa na pa kutokea. Mke wa fundi akamletea mama yake chai. Njoo Kesho akatazama sakafu, akasema yote: deni, stendi, sokoni, hata sponji. Mkewe, aliyekuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, alianguka kinyumenyume. Bahati nzuri nyumba ya fundi makochi haikosi kitu cha kuangukia.

Mama mkwe akamaliza chai kwanza.

"Kwa hiyo deni lako nimelilipa mimi."

"Ndiyo, mama."

"Limeisha?"

"Limeisha lote."

"Vizuri. Sasa nakudai mimi. Na mimi, mwanangu, nina tawi moja tu. Liko hapa."

Kesho yake akafuatana naye mpaka karakana, akakalia kochi la mteja ambalo halijavikwa kitambaa, mkoba mapajani. Fundi akifungua kinywa kumwambia mteja kesho, mama mkwe anauliza, "Kesho saa ngapi?" Na saa hiyo ikifika, kochi liko tayari. Wateja waliozoea kulipa nusu na kula kona walilipa yote, wengine hata madeni ya mwaka juzi, ilhali mama yule amewatazama tu. Pesa iliingia mkobani kabla fundi hajaigusa.

"Benki ilichukua bila kukuambia," alisema. "Mimi nachukua unaona."

Mwanzoni Njoo Kesho alinuna. Kisha akazoea. Kisha, na hili lilimshangaza mwenyewe, akaanza kufurahia. Mchana walikula pamoja, mama akimsimulia vituko vya wanawe mpaka fundi anapaliwa. Mbele ya tawi la stendi alipita kichwa wazi, akamsalimu mpaka mlinzi.

Mvua zilikuwa zimekwisha bati la mwisho lilipopigiliwa. Wakasimama wawili chumbani kwa mama, wakitazama juu. Hapakuwa na tundu hata moja. Fundi hakudaiwa na mtu yeyote duniani, na badala ya kushangilia, moyo ulimuuma. Mama akainama kufungua begi lake.

"Mama, mabati mapya hayalaliwi chini yake hivi hivi. Yanatakiwa yakauke kwanza."

"Mabati yanakauka?"

"Ya siku hizi yanakauka."

Mama mkwe akamkazia macho. Fundi akatazama sakafu, halafu akainua uso.

"Hapana, mama. Hayakauki. Nimekuzoea tu, nataka turudi wote."

"Lakini nilishamaliza kukudai."

"Najua. Itakayoingia sasa ni yangu. Naomba unitunzie wewe."

Mama mkwe akalifunga tena begi, akampa alibebe.