Barua Tatu za Dada

Mtaani walimwita Opereta, kwa sababu alipokea simu za hospitali miaka thelathini na mmoja. Haoni tangu utotoni, lakini ukimpigia mara moja tu, mwakani anakutambua kwa sauti kabla hujajitambulisha. Alipostaafu alibaki na laptop inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Alibaki pia na dada yake.

Dada aliishi mji wa mbali. Alifanyiwa upasuaji wa koo, na tangu siku hiyo sauti haikurudi. Simu ikawa haiwafai tena. Basi dada akawa anaandika, laptop inasoma, na Opereta anajibu kwa vidole vyake vyepesi. Kila asubuhi barua moja: umbea wa majirani, utani, na kumkumbusha Opereta dawa zake za presha.

Jumatatu moja laptop ilijisasisha yenyewe. Ilipowaka, kimya. Opereta akaizima, akaiwasha, akaikemea. Kimya. Akaibeba hadi kwa fundi, mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko.

"Spika ni nzima, mzee," fundi alisema. "Ni draiva, ile programu ndogo ya kuendesha sauti. Sasisho limeleta isiyoelewana na mashine yako."

"Usinifutie kitu tu, binti. Barua zote za dada yangu zimo humo."

"Sifuti. Niachie."

Kazi ikamsumbua. Kila alipoiondoa ile draiva, mashine ilijirudishia ileile mbovu. Opereta alipopita Jumatano kuuliza, fundi akamwambia, "Bado naipambania. Ila kuna barua tatu zimeingia, za dada yako. Nikusomee?"

Opereta akacheka. "Hizo ni siri zetu. Kwanza utanicheka. Nitazisikiliza mwenyewe."

Aliwaza kumpigia mpwa wake, binti wa dada, aseme laptop imeharibika. Lakini binti yule ana kazi na watoto, na yeye akajiambia kesho itakuwa tayari. Hakupiga.

Alhamisi asubuhi mpwa ndiye aliyepiga.

"Mjomba," alisema, kisha akashindwa kuendelea. Opereta, mtu wa kusikiliza sauti maisha yake yote, akajua hapohapo.

Hakujua aende wapi. Miguu ikampeleka kibandani.

"Mzee, imeongea!" fundi alimpokea kwa furaha. "Nimepata draiva ya zamani kwenye tovuti ya waliotengeneza mashine yako, nikazuia isijibadilishe tena."

Kisha akamtazama usoni. Akamvutia kiti.

"Nifungulie barua," Opereta alisema.

Ile sauti ya mashine, isiyojua furaha wala msiba, ikaanza kusoma. Ya kwanza ilikuwa umbea: jirani amenunua jogoo asiyejua saa, anawika mchana. Ya pili: "Mbona kimya? Umeninunia? Kama ni ule utani wangu wa kitambi chako, nisamehe." Ya tatu ilikuwa fupi. "Mdogo wangu, leo sijisikii vizuri. Niandikie hata neno moja."

Fundi alikuwa amezima redio. "Ningekusomea," alisema kwa sauti ya chini.

"Ulitaka. Mimi ndiye niliyekataa."

Akasafiri siku hiyohiyo. Msibani watu walimpa pole, naye akaitikia kama mtu aliye mbali. Jioni mpwa akaja kukaa karibu naye.

"Mama alitaka kompyuta iachwe wazi kitandani. Kila ikilia, anainua kichwa."

Opereta akamweleza yote: sasisho, draiva, barua tatu, na lile katazo lake.

"Mjomba, kwa nini hukunipigia?"

"Nilijiambia kesho itakuwa tayari."  Mpwa akamshika mkono, akamwongoza hadi chumbani kwa mama yake, wakakaa kwenye ukingo wa kitanda hadi wageni wa mwisho walipoaga.