Zawadi, kosa lako nimeliona

Akili yangu imegoma kabisa. Jana tumemzika Zawadi kule Bangwe, na asubuhi hii nimeshika simu nimpigie nimuulize ofisini anafika saa ngapi.

Naona mnavyompost. Kila mtu "bestie wangu", "pacha wangu". Haya. Mimi ndiye niliyekaa naye meza moja tukigombania feni na chaja, na hizo picha zenu naye zinanitia wivu mpaka sasa.

Kwa msiojua kazi yetu: tulikuwa tunatengeneza simulation. Ni bandari ya bandia ndani ya kompyuta, inapokea wahamiaji wa bandia wanaovuka ziwa. Tunajaribu maswali, tuone afisa akiuliza nini atamtambua yule anayepelekwa kutumikishwa kwa nguvu.

Mimi niliweka maswali makali. Pasi iko wapi, nani kakulipia, unakwenda kwa nani. Wahanga wangu wakapita bila kuonekana.

Zawadi akaweka salamu. Afisa anasema "Mwakeye", anamsalimia kwa Kiha, anauliza habari za nyumbani, za safari, hana haraka. Anayeshikiliwa humtazama kwanza aliyemleta, ndipo ajibu.

"Wewe umelelewa wapi," akaniambia, "unamdai mtu pasi hata hujamsalimia?" Ofisi nzima ikacheka. Nilinuna mpaka jioni.

Na salamu yake ikafanya kazi, hilo ndilo lililoniuma. Bosi akamtuma yeye Dar kwenye presentation. Mimi nikaulizwa kama nimeshapanga mafaili.

Hata mama yangu, akishuka kutoka kijijini Kalinzi na kahawa, alikuwa akimpa Zawadi. Mimi naambiwa, "Wewe utakunywa nyumbani."

Alipolazwa, bosi alikwenda kumuuliza nani amalizie kazi kabla haijaanza kutumika bandarini. Nilijua atamtaja Neema, mwenzetu wa ofisini, wanapendana hao.

Akanitaja mimi. Bosi kaniambia jana msibani, kwa maneno ya Zawadi mwenyewe: "Mpe huyo. Ananionea wivu, atatafuta nilipokosea mpaka apaone. Wengine watanisifia tu, halafu kuna binti wa watu atapita pale tukimwangalia."

Kumbe alijua. Siku zote alijua, na mchana bado alikuwa ananimegea samaki wake, mgebuka.

Basi leo nimefungua kazi yake. Nimelitafuta kosa kwa hamu, siwafichi.

Zawadi, wewe ulidhani mhanga lazima awe mwoga, wa kumtazama kwanza aliyemleta. Sasa yule mchangamfu, aliyeahidiwa kazi ya saluni na akaamini, anayeitikia salamu kabla hujaimaliza na kucheka na afisa? Umempitisha. Nimewajaribu wa namna hiyo, wote wamepita.

Nimepiga meza kwa furaha. "Leo nimekuweza," nimesema kwa sauti, nikageukia upande wako nisikie utakavyobisha.

Neema ndiye aliyeniangalia. Akaanza kulia, na mimi nikaanza.

Nitalirekebisha, shoga yangu. Jina lako litakaa juu na langu chini, na hilo nalo linaniudhi.

Ila nilitaka nikushinde ukiwa umekaa hapa, unabisha. Hivi sikutaka.

Lala, Zawadi. Lala vizuri, binti za watu niachie mimi.